Mwizi wa Baridi

Yorkton, Saskatchewan
3 Machi 2024

Mdogo wangu Slavka,

Jicho langu la kushoto halipo tena. Lilipasuka Jumatatu ya tarehe 12 Februari, saa mbili asubuhi, mbele ya gereji ya nyumba yangu ya Palo Seco, huko kwenu California, na Ijumaa yake madaktari wakaling'oa. Nimelitanguliza hili ili usisome salamu ukadhani nimetulia.

Salamu sasa. Wifi yako Lorna ni mzima isipokuwa mgongo. Nyuma ya ghala theluji bado inafika kiunoni, na jana baridi ilikuwa ishirini na sita chini ya sifuri. Wajukuu wananiita haramia kwa sababu ya kitambaa cha usoni. Nawaacha wacheke.

Aliyenipiga ni mwanao Darrin. Hapo hapana ubishi, nilimwona kwa macho mawili, mara ya mwisho kuyatumia yote pamoja. Nilikuwa nafuta kigari changu cha gofu. Alishuka kwenye pikapu na fimbo ya chuma mkononi. Nikamwambia, "Mpwa, mapema hivi unakwenda kucheza?" Pigo la kwanza lilivunja taya. La pili lilikuwa jicho. La tatu lilivunja mtulinga, nikausikia ukilia kama tawi kavu. Nilipokuwa chini alinipiga teke la mbavu, kisha akaketi kando yangu juu ya saruji, akaanza kulia. Polisi walimkuta hapo hapo, fimbo imelala mapajani.

Kwa nini? Jana yake tulikula mbavu za kuchoma kwangu sote watano, mimi na Lorna, wewe, Darrin na mkewe, fainali ya mpira ikiwa kwenye televisheni. Ulipika pirohi, zile sambusa za kuchemsha zenye viazi ndani, kama za mama. Nikasimulia kisa cha mwizi wangu wa Julai, Lorna akacheka hadi akapaliwa. Darrin aliondoka kabla ya mechi kwisha. Nikadhani timu yake imemuudhi.

Sasa nisikilize. Nimechimba visima miaka arobaini na moja. Nilianza na rigi moja ya mkopo na mikono hii, na ile nyumba niliilipa dola laki sita na elfu arobaini, taslimu. Sikununua mitende wala nyasi za gofu. Nilinunua geti. Pale haingii mtu ila mwenyeji apige simu kibandani, ataje namba ya nyumba na neno la siri, halafu ataje jina la mgeni. Mlinzi amewaambia polisi kwamba asubuhi ile alipiga mwanamke. Alitaja namba yangu, akataja neno langu, akasema, "Mruhusu Darrin Oakes."

Neno hilo tulilijua watatu: mimi, Lorna na wewe, kwa kuwa wewe ndiye uliyenitunzia nyumba kiangazi. Lorna alikuwa bafuni, simu yake juu ya meza ya gereji mbele yangu.

Nani alipiga simu getini? Nijibu kabla ya tarehe mosi Aprili.

Kaka yako,
Zenon


Indio, California
25 Machi 2024

Kaka Zenon,

Barua yako imefika. Nafurahi kusikia Lorna ni mzima. Mpake mgongo yale mafuta ya kafuri niliyomwachia, asione haya kuomba chupa nyingine.

Huku upepo umevuma wiki nzima, mchanga unaingia hadi kwenye sukari. Bado napika kwenye klabu ya Palo Seco. Wageni wa baridi wanaanza kufunga nyumba na kurudi kwenu kaskazini. Kila mtu anaaga, kila mtu anasema tutaonana Novemba. Nilikwenda kaburini kwa mume wangu Verlin nikapanda ua lisilotaka maji.

Darrin yumo rumande. Dhamana hatuna uwezo nayo. Juma lililopita walimpiga bafuni, watu watatu, kwa ajili ya zamu ya simu. Meno mawili ya mbele yamekwenda, na mmoja alimkanyaga mkono hadi kidole kikageuka upande. Nilimwona kupitia kioo. Anazungumza kama mtoto anayeng'oka meno. Nikamwuliza kama anataka chochote. Akasema, "Mama, mjomba anaendeleaje?" Sijui aliuliza kwa nia gani.

Wakili wake wa serikali anasema ukishikilia ulivyosema, atafungwa miaka tisa. Atatoka ana hamsini na moja.

Kuhusu geti, nipe muda.

Nina ombi moja dogo. Kile kisa cha mwizi wa Julai sikukisikia vizuri, nilikuwa jikoni kwako naosha masufuria, maji yanakwenda. Niandikie kama ulivyokisimulia mezani. Wakili anataka kujua mliongea nini usiku ule, na kwa kusimulia hakuna akushindaye.

Dada yako,
Slavka


Yorkton
9 Aprili 2024

Slavka,

Tarehe mosi imepita na hujanijibu. "Nipe muda" si jibu. Mteja akiniuliza maji yapo futi ngapi simwambii anipe muda.

Lorna anashukuru kwa mafuta. Theluji inayeyuka, barabara ni tope. Daktari amenipa jicho la kioo, la kahawia zaidi kuliko langu. Kichwa kinauma kila siku upande ule, na juzi nilimwaga kahawa yote kando ya kikombe. Nikashika kile kikombe nikakipiga ukutani. Lorna akafagia vipande.

Pole kwa meno ya Darrin, lakini meno yanatengenezwa.

Kisa unakitaka, chukua. Hakina siri, nimewasimulia hata wazee wa kanisani.

Ilikuwa tarehe 19 Julai. Niko kwenye trekta nakata majani. Nyumba ya Palo Seco nimeiacha kiyoyozi kwenye themanini na nane kwa vipimo vyao, thelathini na moja kwa vyetu, ili samani zisipasuke, basi. Kila asubuhi natazama kwa simu. Siku ile natazama, umeme unaliwa kama arusi. Mtu yumo ndani ameshusha namba. Nikasema, ala, nalipa dola mia sita na kumi na mbili kila mwezi kwa walinzi na bado naibiwa baridi? Nikapandisha kwa simu hadi themanini na nane. Dakika mbili, ameshusha tena pale pale. Nikapandisha. Akashusha. Mara nne tunavutana, mimi niko Saskatchewan juu ya trekta, yeye California amesimama mbele ya ukuta wangu. Mara ya tano nikazima kabisa, nikaweka namba ya siri asiweze kuwasha. Saa tatu na dakika kumi asubuhi ya huko. Nikampigia Lorna, nikamwambia, "Sasa na akaangike kidogo, atatoka mwenyewe." Jioni saa kumi na mbili nikawasha tena, na tangu hapo namba haikuguswa. Mwizi alitoka. Niliokoa dola tisa na senti arobaini siku ile moja.

Hicho ndicho kisa. Kina kosa gani? Joto halijamuua mtu, linamtoa jasho tu. Baridi ndiyo inayoua. Wewe ulikuwa mchanga, lakini mimi nilikuwa na miaka minane tulipompata kaka yetu Petro kati ya zizi na mlango wa jikoni, amesimama, mkono kwenye kamba ya kushika wakati wa dhoruba, barafu imemfunga kope. Baba alimvunja vidole viwili kuibandua ile kamba. Tangu hapo, mtu akinilalamikia joto namcheka.

Sasa la kwangu. Nani alipiga simu getini?

Zenon


Indio
30 Aprili 2024

Kaka,

Pasaka yetu ni Jumapili hii. Nimepaka mayai rangi kumi, la Verlin limo. Mwambie Lorna asiweke zabibu nyingi kwenye mkate kama mwaka juzi.

Ulitaka jibu. Ni mimi niliyepiga simu. Nilitaja namba yako, nikataja neno lako, na nilijua Darrin ana fimbo kwenye pikapu. Nilimwambia, "Magoti, Darrin. Mpige magoti, kichwa usikiguse." Alipokuona umesimama unafuta kigari kwa kitambaa, magoti akayasahau. Hayo nitayasema mahakamani, hata wakinifungia seli ya jirani.

Sasa usome hii barua umekaa.

Mwezi Mei mwaka jana nilikupigia simu. Kiyoyozi cha nyumba yetu ya magurudumu kilikuwa kimekufa na fundi alitaka pesa tusizokuwa nazo. Verlin alikuwa na miezi mitatu tangu kiharusi, upande wa kulia umelala, ulimi umelala. Nikakuomba akae kwako kiangazi, nyumba iko tupu. Ukaniambia, "Slavka, nyumba yangu si hospitali. Harufu ya mgonjwa haitoki kwenye mazulia." Nikasema sawa.

Ilipofika Julai kwetu ndani hapakaliki hata usiku. Nina ufunguo wako, kila wiki nakwenda kumwaga maji vyooni ili nge wasipande kwenye mabomba. Nikamchukua mume wangu nikamlaza kitandani kwako. Sikukuomba mara ya pili.

Tarehe 19 nilikwenda kazini alfajiri. Mlango wa mbele niliufunga kwa ufunguo mimi mwenyewe, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kutoka akapotea. Ule wa kioo wa nyuma, wa kusukuma pembeni, uliuwekea kipande cha mpini wa ufagio relini, dhidi ya wezi. Mtu wa mkono mmoja hawezi kukiinua. Nje siku ile ilikuwa mia moja na kumi na nane, arobaini na nane kwa vipimo vyenu.

Nilirudi saa kumi alasiri. Nilipofungua, hewa ilinipiga uso kama mlango wa tanuri pale klabuni. Kidude cha ukutani kilikuwa cheusi, hakina hata taa. Chini yake ukuta ulikuwa umechakazwa, ameupiga kwa kiganja, na palipoisha rangi paliingia damu. Alama zilikwenda kwa mkono mmoja sakafuni hadi mlango wa kioo. Kucha tatu zilikuwa zimebaki kwenye reli. Fimbo yake ya kutembelea ilikuwa imevunjika, kioo kina ufa lakini kimeshika, wewe uliweka kile kinene. Mdomo wake ulikuwa kwenye upenyo wa chini, pale vumbi linapoingilia. Alikuwa na moto kuliko mtu aliye hai.

Nikampigia Darrin. Tukamfunga kwa shuka zako, tukampakia kwenye pikapu, tukampeleka nyumbani kwetu na kuita gari la wagonjwa kutoka pale. Tulikuwa tumeingia kwako bila ruhusa, na niliogopa. Nilikuogopa wewe, Zenon, kuliko polisi. Nilipokwenda kesho yake kuosha ukuta, baridi ilikuwa imerudi, themanini na nane. Nikasema mashine imekufa na imefufuka. Miezi saba nililia nikiilaumu mashine, na nikajilaumu kwa ule ufunguo.

Kisha ukaandaa mbavu za kuchoma.

Kila ukoo una kichekesho chake, na cha kwetu ni namba ya Verlin. Krismasi ya kwanza aliyokuja shambani alipandisha tanuru la kupashia nyumba joto hadi namba hiyo, baba akamfukuza na uma wa majani akizunguka meza. Alipokuja kwako Palo Seco mwaka juzi, kabla ya ugonjwa, alikwenda moja kwa moja ukutani akashusha kiyoyozi hadi namba ile ile, ukampiga kofi la mkono mbele yetu sote: "Shemeji, sabini na moja yako kaiweke kwenu." Tulicheka sote. Mtu hajui siku ya mwezi, ulimi haumtii, lakini namba yake anaijua. Hakuna mtu mwingine niliyepata kumwona anaweka sabini na moja.

Barua yako ya Aprili nimeisoma mara nyingi. Kumi na tisa Julai ipo. Themanini na nane ipo. Mia sita na kumi na mbili ipo, mara nne ipo, saa tatu na dakika kumi ipo, senti arobaini zipo. Umeandika mwizi alikuwa anashusha "pale pale".

Pale pale wapi?

Darrin aliisikia namba mezani. Alinisubiri kwenye maegesho, akaniambia, nami asubuhi nikainua simu. Lakini mimi nilikuwa naosha masufuria, na sasa nataka kuisikia kwako.

Slavka


Yorkton
14 Mei 2024

Dada yangu mpenzi Slavka,

Kristo amefufuka. Lorna aliweka zabibu chache kama ulivyosema.

Sikulala tangu barua yako ifike. Sikujua. Ningejua ni shemeji ningegusa kile kitu? Mimi si mnyama. Nilidhani ni wahuni, au wale vijana wanaosafisha mabwawa. Verlin alikuwa ndugu yangu, ingawa tulitaniana.

Kuhusu namba unayoiuliza, siikumbuki. Tangu nipigwe kichwa, vitu vinanitoka. Daktari anasema ni kawaida. Darrin amekasirika na amejitungia.

Nimefikiri kama mtu wa kazi. Yaliyokwisha hayachimbuliwi. Nyumba ya Palo Seco niliyomwambia wakala aiuze, nimemsimamisha. Nitakuandikia hati yake wewe, safi, haina deni, na ada za miaka mitano nitalipa mimi. Utakaa ndani ya geti. Utaacha kupika. Na nitamwandikia mwendesha mashtaka kwamba mpwa wangu alikuwa amefiwa, nimemsamehe. Kwa barua yangu, wakili wangu anasema miaka tisa inaweza kuwa miwili.

Nakuomba kitu kimoja tu, unirudishie ile barua ya tarehe 9 Aprili. Si kwa ubaya. Niliiandika kwa mzaha na kwa maumivu, na mtu asiyetujua anaweza kuisoma vibaya.

Kaka yako akupendaye,
Zenon


Indio
5 Juni 2024

Kaka Zenon,

Salamu kwa Lorna na wajukuu. Joto limeanza, leo mia moja na tisa. Klabu imebaki na wapishi wawili. Darrin amepigwa tena, mara hii naye amepiga. Amemng'ata mtu sikio na wamemweka peke yake. Mwanangu aliyekuwa akitoa buibui nje kwa kikombe.

Umesema namba imekutoka kwa sababu ya kichwa. Kisima cha Melville cha mwaka 1984 kilikuwa na futi mia mbili na kumi na nne, uliniambia kwa simu Februari ukiwa kitandani hospitalini, bandeji hadi kidevuni, ukibishana na nesi kuhusu maji ya mji wake. Wiki mbili baadaye ukaniandikia jicho lilipasuka saa ngapi. Kichwa chako hakijapoteza kitu.

Tena nikuulize kama mtu wa kazi. Mwizi yumo nyumbani kwako mchana kweupe. Mlinzi unamlipa, humpigii. Polisi hupigi. Una dada mwenye ufunguo dakika ishirini kutoka hapo, humpigii. Mtu gani anamwona mwizi asimpigie simu mtu yeyote ila mkewe, wacheke?

Nami nimekumbuka jambo. Jioni ya tarehe 19, mimi niko nje kwenye ngazi za nyumba yetu, wametoka kumchukua Verlin, ulinipigia. Kabla sijakuambia lolote ulisema, "Slavka, shemeji yuko wapi?" Hukusema hajambo. Ulisema yuko wapi. Nikakuambia amekufa, amefia nyumbani kwetu. Ukasema, "Nyumbani kwenu. Basi Mungu amlaze pema," na sauti yako ilikuwa imepata nafuu. Nilidhani ni mtandao.

Hati yako nimeichana mbele ya wakala aliyeniletea. Ndani ya ile nyumba siingii tena, hata mnilipe ada za miaka mia. Nilikwenda mara moja mwezi Machi, na ufunguo huu huu. Nilikipiga kile kidude cha ukutani kwa nyundo hadi nyaya zikatoka, kisha nikapiga ule mlango wa kioo. Ulichukua mapigo kumi na moja, nami nina mikono miwili mizima na nyundo. Gharama zake ongeza kwenye mashtaka.

Barua ya Aprili sikurudishii. Iko kwa mtu ninayemwamini.

Kesi ya Darrin ni Jumatatu tarehe 24 Juni, saa tatu asubuhi. Nitasimama, nitaeleza kuhusu geti na magoti, nitaeleza tulivyombeba Verlin kwenye shuka. Hayo ni yangu na nitayabeba. Lakini nikifika kwenye trekta yako nataka kujua nasema nini. Ikiwa ulimzimia kiyoyozi mtu usiyemjua, nitasema kaka yangu ni mjinga aliyetoka kwenye barafu, hajui joto, na nitakuombea. Ikiwa ulimjua, nitasema ulimjua.

Usinitumie hela, wala nyumba, wala wakili. Usiniambie Kristo amefufuka. Jumapili tarehe 23, saa sita mchana wa huku, nitakuwa nimekaa na simu mbele yangu. Mimi la kwako nimelijibu.

Yule mwizi wako alikuwa anashusha hadi ngapi, Zenon?

Slavka